Mcheza Kwao na Hati ya Ngoma Yake

Wapo wenzetu, tena si wachache wala si wajinga, ambao wakisikia kwamba vijana wamefungua studio ya muziki katika chumba kimoja cha nyumba ya kupanga huko Temeke au Mburahati, neno la kwanza linalowatoka ni "uhuni", na la pili ni "uigaji". Maneno hayo yamesemwa kwa miaka mingi maofisini mwetu, katika vyumba vya walimu na katika mabaraza ya washairi, hata yamekuwa kama hukumu isiyohitaji shahidi. Katika insha hii nakusudia kuidai hukumu hiyo ushahidi wake. Na ili msomaji asipate taabu ya kunitafuta nilipo, natamka mapema msimamo wangu: kikundi cha vijana wa hip hop wanaorekodi kwao, wanaomiliki kanda zao, na kuwauzia majirani zao kazi hiyo kwa mikono yao wenyewe, kinafanya kazi ileile ambayo sisi watumishi wa utamaduni tuliajiriwa kuifanya. Hatari inayoukabili muziki wetu haimo katika mdundo wala katika kofia iliyogeuzwa kisogoni. Imo katika swali moja ambalo hatupendi kuliuliza: wimbo ukishaimbwa, ni mali ya nani?

Sisemi haya nikiwa mtu safi. Mwaka 1998, nikiwa bado kijana katika ofisi ya utamaduni ya wilaya moja ambayo sina haja ya kuitaja, walinijia vijana wanne na barua iliyoandikwa kwa mkono. Waliomba kibali cha kutumia uwanja wa shule siku ya Jumamosi, wawaghanie watu wa mtaa wao nyimbo walizotunga, na kwa kiingilio kidogo wapate fedha za kulipia studio. Niliisoma barua yao, nikazitazama suruali zao, kisha nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Haiendani na maadili." Sikuomba kusikia hata ubeti mmoja. Nilikuwa mshairi, mashairi yangu yalikwisha kutoka gazetini, nami niliamini kwamba najua kilicho shairi na kisicho shairi.

Vijana wale waliondoka bila ubishi. Baadaye nilipata habari kwamba, kwa kukosa fedha za studio, walikwenda kwa mfanyabiashara mmoja, naye akawalipia gharama, na kanda ikawa yake moja kwa moja. Wimbo mmoja ulipendwa sana. Niliusikia ndani ya mabasi kwa miaka miwili. Mmoja wa watunzi wake nilikutana naye miaka kumi baadaye akiuza maji ya kunywa kituoni, na wimbo wake ukilia ndani ya basi lililosimama kando yetu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Shikamoo, bwana utamaduni. Unanikumbuka?" Nilimkumbuka. Ndiyo sababu naandika.

Nianze na shtaka la uigaji. Wanasema hip hop ni ya Marekani, kwa hiyo haiwezi kuwa yetu. Ni kweli kwamba imetoka Marekani. Historia yake huanzishwa Bronx, katika jiji la New York, mwezi Agosti 1973, ambapo DJ Kool Herc, kijana aliyezaliwa Jamaika, alipiga santuri katika sherehe ya dada yake ndani ya jengo la wapangaji. Lakini nauliza: ni ngoma gani ya mijini mwetu iliyozaliwa hapa bila ya baba wa ng'ambo? Taarabu, ambayo leo tunaitolea machozi ya fahari, hutajwa kuwa ililetwa Unguja kutoka Misri katika enzi ya Seyyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888. Iliimbwa kwa Kiarabu ndani ya kasri. Iligeuka kuwa yetu pale Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba katika unyonge na aliyewahi kuuza vyungu, alipoiimba kwa Kiswahili na kutia ndani yake habari za watu wa Ng'ambo: hukumu za mahakama, madhila ya wanawake, kiburi cha wenye mali. Dansi nayo ilikuja na santuri za Kuba, na magitaa ya Kongo yakaizidisha nguvu. Nani leo atasimama mbele ya wazee wa Morogoro awaambie kwamba dansi si yao?

Hata kahawa ni mmea uliokuja kutoka nje. Wamisionari waliipanda Kilimanjaro kabla ya mwisho wa karne ya 19. Je, mkulima wa Kilimanjaro alipounda ushirika wake, ule uliojulikana kama KNCU, mwaka 1933, kuna aliyemcheka kwamba anahangaikia mmea wa kigeni? La hasha. Swali lililomkera mkulima lilikuwa jingine: shamba ni la nani, na mizani ya kupimia kahawa iko mikononi mwa nani? Alipolijibu swali hilo kwa ushirika wake, kahawa ikawa zao lake. Naomba msomaji aushike mfano huu, maana nitaurudia.

Vijana wetu nao hawakuikuta hip hop na kuimeza nzima. Mwanzoni walighani kwa Kiingereza, wengi wao bila kukielewa vizuri. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 akatokea Saleh Jabri na ghani zake za Kiswahili, kikaundwa kikundi cha Kwanza Unit mwaka 1993, wakafuata Mr. II na Hard Blasters. Nani aliwarudisha katika Kiswahili? Si sisi maofisa. Hatukuandika waraka wala hatukuitisha semina. Waliwarudisha wasikilizaji wa mitaani, waliokaa kimya wasipoelewa na kupiga makofi walipoelewa. Kufikia mwaka 2001 Profesa Jay alipotoa "Ndio Mzee", mzaha kuhusu mwanasiasa mwenye ahadi zisizo na mwisho, mzee wa kijijini asiyejua neno moja la Kiingereza aliweza kucheka na mjukuu wake kwa jambo lilelile. Ikiwa huo ni uigaji, basi naomba tuletewe uigaji mwingi zaidi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wimbo wa hip hop wa kwanza kutikisa dunia kwa santuri ulikuwa "Rapper's Delight" wa mwaka 1979, uliotolewa na kampuni ya Sugar Hill ya New Jersey. Waliouimba hawakuwa wale walioilea hip hop katika mitaa ya Bronx. Na sehemu ya maneno yake ilitoka katika daftari la mghani wa Bronx aitwaye Grandmaster Caz, ambaye hakutajwa kuwa mtunzi. Tazameni, basi: siku ile ile hip hop ilipotoka mtaani kwenda sokoni, mtaa ulibaki na ngoma, na hati ikaenda kwa mwingine. Ugonjwa huo ulizaliwa pamoja na mtoto. Anayetaka kutukinga dhidi ya mabaya ya hip hop na atukinge dhidi ya huo.

Wala tusidhani kwamba ugonjwa huo ni wa Marekani peke yake. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri zake zikauzwa Afrika Mashariki yote kwa nembo ya His Master's Voice. Sauti ilikuwa ya Fumba na Ng'ambo, lakini sahani ilikuwa mali ya kampuni ya Uingereza. Huku Bara vilianzishwa vilabu vya muziki vya wenyeji, kama Dar es Salaam Jazz ya mwaka 1932 na Morogoro Jazz ya mwaka 1944, vyenye wanachama, michango na fahari ya mji. Hivyo ndivyo mababu wa lebo za mitaani, ingawa vijana wenyewe hawajui. Lakini vilabu hivyo navyo, vilipotaka santuri, vilitegemea mashine zilizokuwa nje ya mipaka yetu, hasa Nairobi.

Baada ya Uhuru Serikali iliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, na baadaye mashirika ya umma yakaanzisha bendi zao. Sitaibeza kazi hiyo. Imetupatia NUTA Jazz, Vijana Jazz, na Mlimani Park ya mwaka 1978. Mwanamuziki alipata mshahara, sare na heshima. Hata hivyo lazima tuseme ukweli wote. Vyombo vilikuwa mali ya shirika, na mwanamuziki alipohama aliviacha. Nyimbo zilirekodiwa Redio Tanzania, zikapigwa usiku na mchana, na kanda zikabaki katika maktaba ya redio. Tuliwafanya wanamuziki kuwa wafanyakazi wa ngoma yao wenyewe. Tulidhani kwamba maadam kanda ni ya umma, basi ni yao pia. Lakini mjane wa mpiga gitaa hapiki neno "umma" akalisha watoto.

Kisha, baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, zikaja redio za watu binafsi, na wafanyabiashara wa kanda wakaingia mahali palipoachwa wazi. Kijana alipeleka albamu yake, akalipwa fedha za mara moja au kuahidiwa fungu kwa kila kanda itakayouzwa, naye hakuwa na njia ya kujua zimeuzwa ngapi. Mizani ya kahawa ilikuwa nyuma ya kaunta. Zilipokuja simu za mkononi na nyimbo za kumwitikia mpigaji, mkono ukabadilika, mizani ikabaki palepale.

Katika historia hiyo ndefu ndipo nataka tuiweke lebo ya mtaani, maana nje ya historia hiyo haieleweki. Lebo, kama vijana wanavyoita, si jengo. Mara nyingi ni chumba chenye tarakilishi, kipaza sauti kimoja, na magodoro au trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi. Yumo mtayarishaji wa midundo, wamo waghani wanne au kumi, yumo mmoja mwenye kujua hesabu. Hakuna anayelipwa mshahara. Gharama hutolewa kwa mchango, na nakala huuzwa mkono kwa mkono, katika maonyesho ya mtaani, vyuoni, na kwa marafiki wa marafiki.

Tufanye hesabu ya darasani. Tuseme kikundi kimetengeneza nakala 500 kwa shilingi 1,000 kila moja, na kuziuza kwa shilingi 5,000. Mauzo ni shilingi 2,500,000. Ukitoa gharama ya nakala, shilingi 500,000, zinabaki shilingi 2,000,000. Si utajiri. Zikigawiwa watu wanane ni shilingi 250,000 kila mmoja. Lakini yapo mambo mawili ambayo hayamo katika hesabu hiyo. La kwanza, kila mmoja wao ameiona hesabu yote, kutoka shilingi ya kwanza hadi ya mwisho. La pili, kesho wimbo bado ni wao. Yule kijana wa maji kituoni hakuwa na hata moja ya hayo mawili.

Mifano ya kweli haikosekani. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 palijitokeza Dar es Salaam kikundi kilichojiita Tamaduni Muzik. Mwalimu wa sarufi atatabasamu kwa tahajia ya neno la pili. Lakini na alitafakari la kwanza. Vijana ambao hatukuwapa kibali walichukua neno letu, neno lililo juu ya milango ya ofisi zetu, wakalifanya jina lao. Na kazi zao? Nikki Mbishi aliipa albamu yake jina la Sauti ya Jogoo. One the Incredible akaiita yake Soga za Mzawa. Nash MC, aliyekuwa mmoja wao, akatoa kazi aliyoiita Mzimu wa Shaaban Robert. Naomba wale wanaosema "uigaji" wanieleze ni wapi Marekani vilikoigwa vichwa hivyo. Sisi tuliofunzwa kwa vitabu vya Shaaban Robert tumejenga kaburi la heshima na kuliwekea uzio. Wao wameuita mzimu wake uje mtaani.

Wenzetu wa Nairobi walitutangulia katika jambo moja. Lebo ya Calif Records, iliyoanza mwaka 2000, ilichukua jina lake kutoka mtaa wa California ulio upande wa mashariki wa jiji lile, na mmoja wa waimbaji wake akajiita Jua Cali kwa ajili ya mtaa huohuo. Kwetu nako, TMK Wanaume walibeba Temeke katika jina lao, hadi mtu wa Songea asiyepata kufika Temeke akaweza kuitaja kwa mapenzi. Zamani mtu wa mitaa ya namna hiyo alipoulizwa anakaa wapi alitaja mtaa wa jirani wenye hadhi zaidi. Kumfanya mtu asione haya kutaja kwao ni kazi ya utamaduni. Kama si hiyo, basi sijui kazi yenyewe ni ipi.

Upo pia mfano wa upande wa pili. Kikundi cha X Plastaz cha Arusha kiliunganisha ghani za Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai, na albamu yake, Maasai Hip Hop, ilitolewa mwaka 2004 na kampuni ya OutHere ya München, Ujerumani. Siwalaumu vijana wale hata kidogo. Kampuni ile iliwafungulia mlango ambao sisi tulikuwa tumekaa juu ya ufunguo wake. Najilaumu mimi na wenzangu. Inakuwaje sauti ya Mmasai wa Arusha ihitaji kupita Ujerumani ndipo iitwe utamaduni? Laiti Arusha ingekuwa na lebo yenye nguvu, mkataba ule ungeandikwa kati ya watu wawili wenye meza zinazolingana.

Nije kwenye shtaka la uhuni. Siwezi kukana kwamba katika hip hop yamo matusi, majigambo ya fedha, na dharau kwa wanawake. Yamo, na yanachukiza. Lakini uchunguzi wangu umenionyesha jambo ambalo wanaoshtaki hawalizingatii. Mwimbaji anayeimbia watu asiowajua, kwa fedha za mtu asiyeishi naye, hana anayemwonea haya. Mghani wa lebo ya mtaani hurekodi usiku, na asubuhi hukutana dukani na wale aliowaimba. Mama muuza chapati amekwisha kuusikia wimbo kupitia dirishani kabla haujafika redioni, naye atasema, "Mwanangu, lile neno la kati si zuri." Huyo ndiye baraza la maadili la kwanza, na ni baraza lisilolala. Tukimng'oa kijana mtaani kwake kwa kumnyima uwanja, tunamwondolea baraza hilo na kumkabidhi kwa mfanyabiashara ambaye kipimo chake ni kimoja tu.

Muhuri wetu, kwa upande wake, hauoni mbali kama tunavyodhani. Mwezi Machi 2017 mwimbaji Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake "Wapo". Siku iliyofuata akaachiwa, na Rais wa wakati ule, John Magufuli, akataka wimbo uendelee kupigwa. Wimbo haukubadilika neno kati ya siku hizo mbili. Kilichobadilika ni mtazamaji. Silitaji jambo hili kwa kejeli. Nalitaja kwa kuwa mimi niliyeshika kalamu nyekundu mwaka 1998 nimejifunza kwamba wino wa kukataza hukauka upesi kuliko akili ya kusikiliza.

Washairi wenzangu nao wana lao. Wanasema maneno ya waghani hawa si ushairi kwa kuwa hayana mizani. Nawakumbusha kwamba tumekwisha kuupigana ugomvi huu. Mwaka 1974 Kezilahabi alipotoa Kichomi, wapo waliosema Kiswahili kimezikwa. Leo diwani ile haimshangazi mwalimu yeyote, na Kiswahili kipo. Tena waghani hawa wako karibu nasi kuliko walivyokuwa wale washairi wa mashairi huru. Shairi letu lina mizani 16 katika mshororo, 8 na 8, kina cha kati na kina cha mwisho. Mstari wa mghani huenda na mapigo manne ya mdundo. Anaweza kubana silabi au kuzilegeza, mradi kina kiangukie pigo lake. Na mghani hodari hutia vina vya ndani vinavyotuaibisha. Wakishindana wawili jukwaani, kila mmoja akijibu hoja ya mwenzake papo kwa papo, hayo ni malumbano yale yale tuliyoyarithi, na ni ndugu wa ngonjera ambazo marehemu Mnyampala alizipigania. Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake kina ni nini na aanze na kile walichokwisha kukijua kwa moyo, kisha awapeleke kwa Muyaka. Njia hiyo ni fupi. Kinyume chake ni kuwafukuza mlangoni halafu kulalamika kwamba hawaingii.

Nisieleweke kwamba nawapaka vijana mafuta. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nina neno kwao pia. Lebo nyingi za mtaani hufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na aghalabu haziuawi na Serikali wala na mfanyabiashara. Huuawa na neno "sisi ni ndugu". Kwa sababu ni ndugu, hawaandiki. Kwa sababu hawaandiki, siku wimbo mmoja unapopata fedha, mwenye tarakilishi anadai ni wake, aliyeghani anadai ni wake, na aliyetunga kiitikio hayumo kabisa. Nimeona mwenye studio ya mtaani akiwafanyia wadogo zake dhuluma ileile aliyofanyiwa yeye na tajiri wa mjini. Unyonyaji haugeuki kuwa haki kwa sababu mnyonyaji anakaa nyumba ya tatu kutoka kwenu.

Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Inatofautisha haki ya mtunzi, haki ya mwimbaji na haki ya aliyetengeneza rekodi. Haya ni mambo matatu, na kijana anayeyachanganya ataibiwa hata na rafiki. Basi na waandike. Ukurasa mmoja unatosha: nani ametunga maneno, nani ametengeneza mdundo, nani amelipia, mapato yatagawiwaje, na mkataba utakwisha lini ili kazi imrudie mwenyewe. Na waandike kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama katika nchi yetu. Kijana wa Temeke anayewekewa mbele yake karatasi za Kiingereza na kuambiwa "weka sahihi hapa" ana haki ya kuzirudisha mezani.

Kwetu sisi wa ofisini nina madai matatu. Kwanza, lebo ya mtaani ihesabiwe katika orodha ya wilaya kama kinavyohesabiwa kikundi cha ngoma, kwaya na sarakasi. Yaani ipewe uwanja wa shule siku ya Jumamosi, na afisa utamaduni aende kukaa mstari wa mbele asikilize kabla ya kuandika neno lolote. Pili, nakala za kazi hizi zihifadhiwe katika maktaba zetu. Tunahangaika leo kuokoa kanda za zamani za redio zisioze. Baada ya miaka 30 watoto wetu watatuuliza ziko wapi ghani za mwaka 2010, nasi tutawaonyesha faili la barua tulizozikataa. Tatu, katika shule za sekondari somo la ushairi lisiishie kwenye kuhesabu mizani. Mwanafunzi afundishwe pia kwamba shairi ni mali, kwamba mali ina mwenyewe, na kwamba hati yake huandikwa siku ya kwanza, si siku ya ugomvi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Tumezoea kuisikia methali hiyo kama sifa kwa mchezaji. Mimi naisikia kama agizo kwa wenye mji. Anayecheza kwao hutunzwa na nani, kama si na wale wanaokaa pale, na wale waliokabidhiwa ofisi kwa ajili yao? Vijana wale wanne walikuja kucheza kwao, wakanikuta mlangoni. Barua yao bado ninayo. Niliitoa katika faili la zamani nilipohama ofisi ile, pamoja na wino wangu mwekundu pembeni. Wakitokea wengine kesho, na barua iliyoandikwa kwa mkono, na suruali zao ziwe zilivyo, naomba msomaji atakayekuwa amekaa kwenye kiti kile awaambie kwanza: "Hebu ghanini, niwasikie." Kisha, kabla hawajaondoka, awaulize: "Na kanda hii, ni ya nani?"